Uzi wa roboti wa katuni za Uingereza: majuzuu yapi ununue, yapi uyaache

Mzee wa Mafaili (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye ule uzi wa katuni za utotoni niliwagusia roboti wa majarida ya Uingereza, wadau wawili watatu wakanifuata faragha wakitaka waambiwe wanunue nini. Nimeona nifungue uzi wa peke yake, maana mule tungezidi kuchafua mada ya mwenyewe.

Tuelewane mapema. Simzungumzii roboti wa Kijapani, wala yule wa Marekani anayegeuka gari. Nazungumzia wale wa majarida ya kila wiki ya Uingereza kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1980, yaliyochapwa kwenye karatasi ya gazeti, mtoto anasoma Jumamosi, Jumatatu mama anafungia maganda ya viazi. Hadithi hizo sasa zinakusanywa na kuchapishwa upya, nyingine kwa jalada gumu kabisa.

Msimamo wangu nautanguliza ili wa kunipinga aanze kunoa: roboti wa Kiingereza ni kibarua. Ana bosi, ana zamu, ana mdomo mchafu, na akichakaa anapelekwa chuma chakavu. Na waliomchora walikuwa vibarua vilevile: unalipwa kwa ukurasa, jina lako halitajwi, mchoro wako unabaki kwa kampuni. Ukisoma wiki kwa wiki hilo hulioni. Ukisoma juzuu zima linakurukia usoni.

Tuanze na mkubwa wao, Robot Archie. Alizaliwa kwenye toleo la kwanza kabisa la jarida la Lion, tarehe 23 Februari 1952, hadithi ikiitwa The Jungle Robot. Mwandishi ni E. George Cowan, na mchoraji aliyekaa naye muda mrefu ni Ted Kearon. Archie wa mwanzo hana sauti wala maamuzi. Vijana wawili, Ted Ritchie na Ken Dale, wanamwendesha kwa rimoti, na nusu ya vituko vinatokana na rimoti hiyo kuangukia mikononi mwa mtu mbaya. Ule mfululizo wa kwanza haukudumu. Ukarudishwa 1957, na toka hapo haukushuka mpaka Lion lenyewe lilipokufa mwaka 1974.

Katikati ya miaka ya 1960 wakampa sauti. Hapo ndipo alipoharibika, na hapo ndipo alipokuwa mtamu. Archie akishajua kuongea hana kazi nyingine ila kujisifu. Anabomoa ukuta, anajisifu. Anatumbukia shimoni, anajisifu akiwa mlemle. Ted na Ken, waliokuwa mabwana zake, wanageuka watu wa kumbembeleza. Baadaye wanapata mashine ya kusafiria kwenye wakati, wanaiita The Castle, umbo lake ni lile kete la ngome kwenye sataranji, na kuanzia hapo ni vurugu za karne hadi karne. Kipindi hicho ndicho kilichomo kwenye juzuu la *Robot Archie and the Time Machine*, na kwa mgeni ndilo ningemwambia aanze nalo.

Nitaendelea jioni, niko zamu.

Kipute

Naweka kambi hapa. Mkuu usituache njiani kama yule wa uzi wa meli zilizozama, mpaka leo tunamsubiri.

Nairobi Mashinani

Uzi umeweza. Mimi Archie nilimpata kwa wale wauza vitabu vya inama hapa Tom Mboya, kwenye vile vitabu vinene vya mwisho wa mwaka, jalada limechanika na jina la mtoto fulani wa Kizungu limeandikwa kwa kalamu ndani. Swali langu: hizi haki ni za nani siku hizi? Maana kila nikitafuta naona jina la kampuni ya michezo ya kompyuta, nikafikiri nimepotea.

Mzee wa Mafaili

@Nairobi Mashinani hujapotea. Ni Rebellion, wako Oxford, ndugu wawili Jason na Chris Kingsley waliianzisha 1992 kutengeneza michezo ya kompyuta. Mwaka 2000 wakanunua jarida la 2000 AD, lile la Judge Dredd, yule polisi wa siku zijazo anayekamata na kuhukumu mwenyewe. Watu walicheka wakati ule. Mwaka 2016 wakanunua kutoka Egmont hazina ya majarida ya watoto ya kuanzia 1970, na 2018 wakachukua kutoka TI Media ile ya nyuma zaidi. Jina la chapa wanayochapishia hivi vya kale ni Treasury of British Comics, ilianza 2017.

Hiyo 1970 ikumbukeni, ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya roboti walitoka mapema na wengine wakachelewa. Archie ni wa 1952, kwa hiyo hata baada ya 2016 alikuwa bado upande wa pili wa ukuta. Miaka ya nyuma yake haki zilikuwa zimekodishwa Marekani, ndiyo maana mwaka 2005 alitokea kwenye mfululizo wa katuni wa *Albion*, akiwa amezeeka pamoja na mashujaa wenzake waliosahauliwa. Hadithi iliasisiwa na Alan Moore, ikaandikwa na binti yake Leah pamoja na John Reppion.

Halafu kuna jambo la aibu kwa Waingereza: Waholanzi walimtunza kuwazidi. Kule aliitwa Archie, de man van staal, alikuwa anatoka kwenye jarida la Sjors, na hadithi za Uingereza zilipowaishia wakamtafuta mchoraji wao, Bert Bus, akaendelea kumchora hadithi mpya. Nyumbani kwao mwenyewe alikuwa ameshazikwa.

Mwanasheria Uchwara

Nakupinga kiroho safi. Unasema kibarua, kibarua. Archie gani kibarua? Mfululizo wenyewe umeanza kwa jina la roboti wa msituni. Vijana wawili wa Kizungu wanaingia kwenye nchi za watu na mashine ya chuma isiyopigika risasi, wenyeji wanapiga magoti. Hicho siyo kibarua, hicho ni chombo cha utawala. Usitupambie.

Mzee wa Mafaili

@Mwanasheria Uchwara hoja imepokelewa, na nikuongezee risasi kabisa, maana wewe umeshika mfano mdogo na mkubwa upo.

Septemba 1964 jarida la Valiant lilianzisha Mytek the Mighty. Mwandishi Tom Tully, mchoraji Eric Bradbury. Kisa: kuna kabila la kubuni la Kiafrika, Waakari, wakali, hawakaliki nao. Profesa wa Kizungu anaitwa Boyce anaunda nyani wa chuma mkubwa kama ghorofa, mwenye sura ya mungu wao, ili awatulize. Yaani dawa ya "fujo" za Waafrika ni kuwaundia mungu mwenye injini. Sasa tazama kalenda. Malawi imepata uhuru Julai mwaka huohuo. Zambia inapata Oktoba. Tanganyika na Zanzibar zimeungana Aprili. Mtoto wa Birmingham anafungua Valiant na kukuta Afrika ambayo bado inahitaji profesa.

Lakini soma mbele uone kinachotokea. Gogra, msaidizi wa profesa, mtu mfupi mwenye kinyongo, anakamata mitambo ya kumwongoza Mytek na kuanza kubomoa dunia. Hadithi iliyoanza kwa kuwatuliza Waafrika inageuka miaka ya Wazungu kuhangaika na mashine waliyoiunda wenyewe. Sidhani Tully alikusudia mzaha huo, ila upo. Na Bradbury! Giza lake ni zito, ule wino mweusi unaomfunika nyani nusu uso, huku miji inaonekana midogo chini ya mikono yake. Mimi namsoma nikiwa na hasira na nikiwa nimefurahi, yote mawili kwa mpigo.

Kwa hiyo nakubali: roboti wa miaka ya 1950 na 1960 anatumikia dola. Anageuka kibarua hasa baada ya 1970. Hapo ndipo ninapoelekea.

Mwanasheria Uchwara

Hapo tumekutana. Endelea.

Mama Zuu

Jamani mimi nasoma tu kimya, ila nina swali la mama. Kijana wangu ana miaka tisa, anapenda roboti kupita kiasi. Nimnunulie lipi ambalo halitaniletea maswali mezani?

Mzee wa Mafaili

@Mama Zuu shikamoo mama. Archie hana neno, mpe, ila kaa naye pale wenyeji wanapochorwa kama sanamu. Na ukipata *Steel Commando* mchukulie pia. Huyo ni roboti wa Vita vya Pili, alianza kwenye jarida la Thunder mwaka 1970. Jeshi limeunda askari wa chuma asiyekufa, limetumia mamilioni, halafu kwa hitilafu ya mtambo anatii sauti ya mtu mmoja tu: Ernie Bates, mvivu kuliko wote kambini, mtu aliyeruhusiwa na daktari asivae buti. Majenerali wanapanga vita kubwa na lazima kwanza wambembeleze Bates aamke. Mtoto atacheka, na wewe utacheka zaidi ukikumbuka ofisi uliyowahi kufanya kazi.

ABC Warriors usimpe bado. Mikono inang'olewa sana mule.

Mama Zuu

Marahaba mwanangu. Huyo Bates namfahamu, alikuwa idara ya stoo.

Mzee wa Mafaili

Haya, tuingie jikoni.

Mei 1978 lilitoka jarida jipya, Starlord. Karatasi nzuri kuliko ndugu yake 2000 AD, bei kubwa zaidi. Toleo la kwanza lilikuwa na Ro-Busters, kazi ya Pat Mills. Tajiri mmoja, Howard Quartz, anaitwa Mr Ten Per Cent kwa sababu sehemu yake iliyobaki ya binadamu ni asilimia kumi tu, yaani ubongo. Kilichobaki ni mashine. Tajiri huyu ananunua roboti waliotakiwa kusagwa na kuwatumia kuokoa watu kwenye maafa: moto, mafuriko, ndege zinazoanguka. Hesabu yake ni nyepesi. Roboti akiungua hakuna fidia.

Humo ndimo wamo Hammerstein na Ro-Jaws. Hammerstein ni askari mstaafu, mkono mmoja ni nyundo, bado anapiga saluti. Ro-Jaws kazi yake ilikuwa kusafisha mifereji ya maji machafu na lugha yake imebaki kulekule. Majina yao ni utani juu ya Rodgers na Hammerstein, wale watunzi wa tamthilia za nyimbo wa Marekani. Mmoja anaheshimu mabosi, mwingine anawatukana, wote wanalala kwenye banda moja.

Hadithi ya kumwonyesha mtu asiyeamini katuni ni The Terra-Meks, imechorwa na Dave Gibbons. Kuna mji wa bandari unaitwa Northpool, na kuna Charlie, roboti mkubwa mno, mzee, kazi yake kuongoza meli kuingia bandarini. Mji unatakiwa kubomolewa ili wawekezaji wajenge vingine, na wabomoaji ni roboti wakubwa kama yeye. Gibbons anachora kwa usafi wa ajabu: nyumba za mstari za matofali, watu wadogo madirishani, halafu mguu wa chuma unaingia kwenye fremu na unajua mtaa mzima umekwisha. Charlie hakuumbwa kupigana. Mwisho sisemi. Nitasema tu kwamba mtu aliyewahi kuona alama ya X nyekundu imepakwa kwenye ukuta wa nyumba ya jirani yake ataisoma taratibu.

Ndiyo hapo ninaposema kibarua. Huyo Charlie siyo silaha ya mtu. Ni mfanyakazi wa bandari.

Kipute

Ile X nyekundu ya barabarani umenigusa penyewe mkuu. Acha tu.

Dokta Nati

Nyongeza kwa wasiojua Starlord ilikufaje. Iliisha baada ya matoleo 22 tu, Oktoba 1978 ikamezwa na 2000 AD. Waliokuwa ndani wanasimulia kwamba ilikuwa haifanyi vibaya sokoni, ila gharama zake zilikuwa kubwa. Ilikuwa ndiyo desturi ya kule: jarida likiyumba, wanatangaza kwa herufi kubwa kwamba kuna habari njema kwa wasomaji wote, halafu wiki inayofuata limeingizwa ndani ya jingine. Ni kama gari kuharibika njiani: abiria wanahamishiwa basi jingine, wenye bahati wanapata kiti, wengine wanaachwa porini, nauli hairudi. Ro-Busters walipata kiti.

Lion iliingia Valiant 1974. Valiant nayo ikaingia Battle 1976. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kukusanya hadithi moja nzima kulikuwa kazi ya kichaa kabla ya majuzuu. Unafuata jarida moja, linakufa, unahamia jingine.

Mzee wa Mafaili

Asante Dokta, umeniokolea aya mbili.

Sasa ABC Warriors. Ndani ya Ro-Busters kuna mahali Hammerstein anamsimulia Ro-Jaws vita alivyopigana zamani. Kutoka kwenye masimulizi hayo Mills akatoa mfululizo mzima, ukaanza kwenye 2000 AD mwaka 1979. A, B na C ni atomiki, bakteria na kemikali: vita ambayo binadamu hawezi tena kupigana kwa sababu hewa yenyewe inaua, kwa hiyo wanapelekwa roboti. Hammerstein anakusanya kikosi, mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya kazi ya Mars. Joe Pineapples mlenga shabaha. Deadlock mchawi. Blackblood, aliyekuwa adui, akakamatwa na kubadilishwa programu.

Nataka mumtazame Mongrol. Alikuwa roboti wa miavuli, akaanguka, akasambaratika. Msichana anaitwa Lara anakusanya vipande vyake na vya wenzake waliokufa, anaviunga kwa alichonacho. Anayeamka ni dubwana lenye mikono isiyolingana na akili ndogo kuliko ya awali. Lara anauawa na askari wa adui. Kuanzia hapo dubwana lile lina neno moja la maana mdomoni, jina la Lara. Kurasa chache tu, halafu hadithi inaendelea na vita kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kundi la wachoraji ni kubwa kwa sababu wiki haisubiri. Kevin O'Neill anachora kila nati, kila bomba, na tabasamu la kishetani kwenye chuma. Mike McMahon anakuja na mistari minene, chuma chake kinaonekana kizito, kimekwaruzwa. Wengine pia wamo: Brendan McCarthy, Brett Ewins, Gibbons, Carlos Ezquerra. Roboti yuleyule anabadilika sura kutoka mchoraji hadi mchoraji. Wiki kwa wiki ungesamehe. Kwenye juzuu unaona mikono tofauti ya watu waliokuwa wanakimbizana na tarehe ya mwisho, na mimi hilo silioni kama kasoro.

Na sasa jambo lililonifanya nifungue uzi. Mhariri wa 2000 AD kwenye kurasa zake alikuwa kiumbe wa kubuni kutoka anga za mbali, Tharg. Waandishi na wachoraji wake aliwaitaje? Roboti. Roboti mwandishi, roboti mchoraji, roboti wa herufi. Kwa miaka mingi majarida ya Uingereza hayakuandika jina la mchoraji popote. Mwaka 1977 O'Neill, akiwa ofisini hapohapo, ndiye aliyeingiza kisanduku kidogo chenye majina ya wahusika, na majina yakatoka yakiwa yametanguliwa na neno hilohilo: roboti. Ukitaka kutambuliwa kama mtu, kwanza ukubali kuitwa mashine. Kisha watu haohao wanakaa mezani na kuchora roboti wanaosagwa wakizeeka, mali ya bosi asiye na moyo. Sijui mtu anahitaji ushahidi gani zaidi.

Mwanasheria Uchwara

Hiyo ya visanduku sikuwa naijua. Nimenyamaza.

Ila nikuulize: kwenye Judge Dredd je? Kule roboti anaasi.

Mzee wa Mafaili

Anaasi, ndiyo. Robot Wars ya mwaka 1977, miezi michache tu tangu 2000 AD lianze. Kiongozi wa uasi anaitwa Call-Me-Kenneth na kazi yake ya asili ni useremala. Siyo roboti wa kivita. Seremala! John Wagner hakuweka hilo bure. Uasi unazimwa, na roboti mmoja mtiifu, Walter, anapewa uhuru kama zawadi. Anautumiaje? Anakwenda kuwa mtumishi wa Dredd, anampikia na kumfagilia. Inachekesha ukiwa na miaka kumi. Ukiwa na arobaini unaweka kitabu chini kwanza.

Hiyo imo kwenye *Judge Dredd: The Complete Case Files* juzuu la kwanza.

Nairobi Mashinani

Mzee usisahau Robo-Hunter, ama nitaanzisha uzi wangu hapa hapa.

Mzee wa Mafaili

Anzisha tu, mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia. Wewe ieleze, mkono wangu umechoka.

Nairobi Mashinani

Sawa basi. Wasee, Robo-Hunter ilianza Agosti 1978 kwenye 2000 AD. Wagner tena ndiye mwandishi, na mchoraji wa kukumbukwa ni Ian Gibson, aliyetuacha Desemba 2023. Sam Slade ni mzee anayewinda roboti wakorofi kwa malipo, sigara kubwa mdomoni, anakaribia kustaafu. Anatumwa sayari inaitwa Verdus. Roboti walitangulizwa huko waijengee binadamu mahali pa kuhamia, na hakuna binadamu aliyerudi kusimulia.

Safari yenyewe ina kasi inayopunguza umri. Sam anashuka akiwa kijana tena, poa. Rubani wake Kidd anashuka akiwa mtoto mchanga, lakini akili na matusi ni ya mtu mzima, na anabebwa hivyo hadithi nzima. Gibson anamchora na nepi na uso wa mlevi.

Lakini utamu ni hii mantiki. Roboti wa Verdus waliambiwa kwamba binadamu ni bora kuliko wao, wamtumikie akifika. Wakaendelea kujiboresha, kila kizazi kinaunda kizazi chenye akili zaidi. Binadamu wanafika. Roboti wanawapima: wadhaifu, wajinga, wanavuja damu. Haiwezekani hawa wawe ndio wale walio bora. Kwa hiyo hawa ni bandia, wafungwe. Hawajaasi hata kidogo! Wanatii amri neno kwa neno. Wamejenga nyumba nzuri, wanamsubiri mwenye nyumba, na mwenye nyumba wamemfungia kambini.

Majuzuu yake mawili yanaitwa *Robo-Hunter: The Droid Files*. La kwanza ndilo lenye Verdus. La pili lina raha zake ila mimi la kwanza lilinitosha.

Kipute

Hiyo ya Verdus ni ofisi yetu kabisa, fomu imejazwa sawa, mteja ndiye siyo sahihi.

Wakuu sasa tushuke kwenye pesa. Mtu yuko Dar, anapataje?

Mzee wa Mafaili

Kabla ya pesa, neno la ubora, maana watu wanauziwa vitu.

Kurasa asilia nyingi hazipo. Kampuni ilizihesabu mali yake na haikuzitunza, kwa hiyo majuzuu mengi ya kale yametengenezwa kwa kupiga picha jarida lenyewe lililochapwa kwenye karatasi duni. Ukiona mstari mwembamba umemezwa na wino, au herufi zimevimba, kosa siyo la mchapishaji wa leo, ndivyo chanzo kilivyo. Wanasafisha wanavyoweza. Kwenye Archie utaiona hali hiyo zaidi kuliko kwenye Ro-Busters.

Pili, rangi. Kurasa mbili za katikati ya jarida mara nyingi zilikuwa na rangi. Mikusanyo ya awali, ikiwemo Case Files za mwanzo, ilizichapa kwa kijivu, na rangi ikigeuzwa kijivu inatoa tope. Kwa ABC Warriors tafuta zile za jalada gumu ziitwazo *The Mek Files*, na kwa Ro-Busters zile mbili za *The Complete Nuts and Bolts*. Zile za mchapishaji Titan za miaka ya 1980 ni nzuri kwa kumbukumbu, walianza na Judge Dredd mwaka 1981, lakini hadithi zimekatwa vipande kwenye vitabu vyembamba.

Tatu, kaeni mbali na matoleo ya Marekani ya miaka ya 1980 yaliyotoka kwa jina la Quality. Ukurasa wa jarida la Uingereza ni mpana, wa Marekani ni mrefu na mwembamba. Walichofanya ni kuuvuta mchoro utoshee. Roboti wote wamekonda.

Nne, namna ya kusoma. Archie alitoka kwa vipande vya kurasa mbili hivi kwa wiki, kwa hiyo kila baada ya kurasa mbili kuna mtu ananing'inia kwenye jabali na kila kipande kinarudia kueleza wiki iliyopita. Ukimsoma mfululizo kama riwaya utachoka ukurasa wa thelathini na utasema mbovu. Soma vipande vichache, funga, rudi kesho.

Dokta Nati

Kuhusu kupata: duka la mtandaoni la 2000 AD linauza nakala za kidijitali, PDF na CBZ, unapakua zinakuwa zako, hazina kufuli. Kwa mtu wa Dar au Mombasa hiyo ndiyo njia. Mimi niliwahi kuagiza kitabu cha karatasi kwa wakala mmoja, kikafika kona zimekunjwa na bili ya usafiri inapita bei ya kitabu. Toka siku hiyo ni PDF kwenye tableti. Kurasa pana zinakaa vizuri ukiilaza.

Au subiri ndugu anayekuja likizo. Mwambie mapema, maana jalada gumu lina uzito na watu wanabania kilo zao.

Kipute

Shemeji yupo Manchester, anakuja Desemba. Nitamwambia achukue Nuts and Bolts la kwanza. Hizo kilo tutajua mbele kwa mbele.

Mama Zuu

Na mimi nimeshamwagizia kijana huyo wa rimoti na huyo wa Bates. Lakini mwalimu wake, mtu mzima wa enzi hizo, amemwambia kuna roboti mtoto wa shule anaitwa Brassneck. Huyo mbona hamkumtaja?

Mzee wa Mafaili

@Mama Zuu mwalimu yuko sahihi. Brassneck ni wa The Dandy, alianza 1964, mchoraji Bill Holroyd. Ni roboti anayeishi na mtoto Charley Brand na kwenda naye shule, na walimu ndio wanaoumia. Hatukumtaja kwa sababu The Dandy na The Beano ni mali ya DC Thomson wa Dundee, kampuni nyingine kabisa, kwa hiyo hayumo kwenye majuzuu haya. Kule wana wao wengi: The Beano toleo la kwanza la Julai 1938 tayari lilikuwa na Tin-Can Tommy, mtoto wa bati anayetiwa ufunguo, na mwaka 1953 wakamleta General Jumbo, kijana mwenye jeshi zima la vifaa vidogo analoliongoza kwa mtambo wa mkononi.

Kwa Brassneck tafuta vile vitabu vya Dandy vya mwisho wa mwaka vya enzi hizo, vinauzwa kwa bei ya kawaida kwa wauza vitabu vilivyotumika. Muulize muuzaji kwanza kama yumo kabla hujalipa, maana jalada halisemi.